Wazazi, watoeni watoto nje wakahesabu ndege

JUMAMOSI moja mwanangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, alitoka kwenye lango la ploti yetu akiwa ameshika andazi. Hakufika mbali. Mwewe aliyekuwa juu ya nguzo ya stima aliteremka kama jiwe, akalinyakua andazi lile na kupaa nalo kabla mtoto hajapata hata nafasi ya kupiga ukemi. Mimi niliyekuwa nikitazama kutoka roshani nilitarajia kilio. Badala yake alipanda ngazi mbio, akihema, na kuniuliza: "Baba, yule mwizi anaitwa nani?"

Nilimkagua vidole nikaona hakuna mkwaruzo. Kisha nikamwambia ni mwewe. Alirudi nje papo hapo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akamngojea mwizi wake mpaka saa kumi na mbili jioni.

Wazazi wenzangu mtaelewa kwa nini nilishangaa. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimejaribu kumbandua mtoto huyu kutoka kwenye televisheni na simu ya mama yake. Nilikuwa nimegomba, nimeficha rimoti, na hata nimemhonga kwa chipsi. Lililonishinda mimi likafanywa na ndege mmoja mwenye njaa.

Hamu yangu ya kumtoa nje haikuwa ya bure. Miezi michache kabla ya kisa hicho, mwalimu wake alituandikia kwamba mtoto ananakili vibaya yaliyo ubaoni. Tulidhani ni uvivu. Daktari wa macho alimpima, akatuambia hana uvivu wowote; haoni vitu vya mbali, na anahitaji miwani. Kisha akauliza swali ambalo bado linanikera: "Hukaa nje muda gani kwa siku, mchana?"

Nilinyamaza. Uwanja tuliohamia mtaa huu kwa ajili yake ulikuwa umegeuzwa kuwa mahali pa kuegesha magari. Mtoto alikuwa akishuka kwenye basi la shule na kuingia nyumbani moja kwa moja, na nyumbani alikuwa akitazama kitu kilicho umbali wa mkono mmoja kutoka usoni mwake.

Tangu hapo nimejifunza kwamba swali la daktari yule lina msingi. Mwaka wa 2015 wataalamu wa Uchina walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule 12 za mji wa Guangzhou. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto walioanza kupata tatizo la kutoona mbali katika shule hizo walikuwa kama 30 kwa kila 100. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Huko Taiwan, tangu mwaka wa 2010 shule zimehimizwa kuwatoa watoto nje kwa jumla ya dakika 120 kwa siku.

Wataalamu wengi wanaamini siri iko kwenye mwanga. Ndani ya nyumba, hata taa zikiwashwa zote, mwanga ni hafifu mno ukilinganishwa na ule wa nje, hata wa chini ya mti. Mwanga mkali wa mchana hulifanya jicho litoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo inadhaniwa kuizuia mboni isirefuke kupita kiasi inapokua. Na mboni ikirefuka ndipo vitu vya mbali huonekana kwa ukungu.

Ni lazima niseme wazi, maana gazeti husomwa haraka: kukaa nje hakumponyi mtoto ambaye tayari haoni mbali. Mwanangu angali anavaa miwani yake, na huwa anapimwa. Faida kubwa ni kwa mtoto ambaye macho yake hayajaharibika, kama dada yake mdogo. Asikudanganye mtu kwamba utamtupia mtoto miwani kwa sababu mmeanza kutazama ndege.

Hata hivyo, kumwambia mtoto wa mjini "nenda nje ukacheze" hakutoshi. Ataenda, atasimama kati ya magari, kisha atarudi kukuuliza acheze nini. Sisi tulikuwa na vichaka, mito na mashamba ya mahindi. Yeye ana simiti. Kitu cha pekee ambacho hakuna mstawishaji wa majengo aliyefaulu kukiondoa kabisa mjini ni ndege. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi peke yake zimeorodheshwa zaidi ya aina 400. Wengi wao hawajui ua la mbuga ni nini. Huvuka na kuja mitaani kututembelea bila kutoza kiingilio.

Baada ya kisa cha andazi, nilifanya kosa ambalo naona wazazi wengi wanalifanya. Nilinunua kitabu. Kila Jumamosi asubuhi nilimketisha mwanangu na dada yake kwenye roshani, nikaanza kuwafundisha majina, na jioni nikawauliza maswali. Jumamosi ya pili wakaanza kujificha bafuni. Nilikuwa nimewatoa kwenye mtihani mmoja na kuwatia katika mwingine. Mtoto wa siku hizi anapimwa shuleni, anapimwa kwenye kazi za ziada, na sasa baba yake anampima kwa njiwa!

Aliyeniokoa ni mama watoto. Jioni moja stima ilipopotea, aliwaita watoto rosheni na kusema, "Kitendawili!" Wakajibu, "Tega!" Akatega: "Nimevaa koti jeusi na fulana nyeupe, lakini chakula changu nakitafuta jaani." Watoto walitazama huku na huku mpaka msichana akamwonyesha kunguru aliyekuwa akitembea kwa maringo juu ya paa la jirani. Usiku huo hawakutaka kuingia ndani.

Huo ndio mchezo ambao umedumu kwetu kuliko yote, na wala haukutoka kwenye kitabu cha mtu. Kanuni zake ni zile zile tulizolelewa nazo. Anayetega ni lazima awe amemwona ndege huyo siku hiyo, kwa macho yake. Wakishindwa, humpa mji. Kwetu mji si Mombasa wala Kisumu, bali ni mahali pa kwenda: ule mti wa mjakaranda karibu na kanisa, mtaro ulio nyuma ya soko, au bustani ya Arboretum. Mji uliotolewa ni lazima uendewe kabla ya Jumamosi nyingine. Mimi nimetembezwa na watoto hawa mahali ambapo nilikuwa nimepita kwa gari miaka tisa bila kushuka.

Kwa sababu kitendawili humtaka mtoto aeleze, humlazimisha atazame. Mdomo ulikuwa mnene au mwembamba? Alikuwa akitembea au akirukaruka? Mkia aliutikisa? Mwanangu, ambaye mwalimu alidai hawezi kumaliza sentensi tatu za Kiswahili, sasa hutega kitendawili kirefu mpaka dada yake anamkemea afupishe.

Majina tuliyaacha yaje yenyewe. Mwanzoni watoto waliwabatiza ndege kama walivyopenda. Karoli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya migunga kandokando ya barabara ya Mombasa, waliita Mzee wa Kanzu. Kwarara, ambaye huwaamsha watu wa Nairobi kwa makelele kabla ya saa za kengele, akawa Jirani. Wale wadogo wanaong'aa kama mafuta juu ya maji, ambao hufyonza maua yenye asali na wenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, wakaitwa Fundi. Baadaye msichana akataka kujua "jina lao la kweli," na hapo ndipo kitabu kikatoka kabatini bila kulazimishwa: Fundi ni chozi. Wengine tulimpigia nyanya yao simu mashambani, akatupa majina ya kwao, na juu ya kila jina akaongeza hadithi. Nadhani hayo ndiyo matumizi bora zaidi ya simu nyumbani kwetu.

Nilipowaambia kwamba karoli hujinyea miguuni makusudi ili apoe wakati wa jua kali, na kwamba ule weupe wa miguu yake ni kinyesi kilichokauka, walicheka mpaka wakalala chini. Mzazi mwenye adabu nyingi anaweza kuona aibu. Mimi nakushauri uanze na habari kama hiyo.

Kuna michezo mingine, nami nitaieleza kwa ufupi. Wakati wa safari ya kwenda shule tunahesabu alama: kunguru alama moja, mwewe mbili, yangeyange tatu, karoli tano. Ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona hupewa kumi, lakini ni sharti watu wawili wamwone, la sivyo uongo utawapa ushindi. Kwa watoto wadogo, chora miraba tisa kwenye karatasi, na ndani ya kila mraba uandike kitendo badala ya jina: ndege anayeoga, ndege aliyebeba kitu mdomoni, ndege wawili wanaogombana, ndege anayemfukuza aliye mkubwa kuliko yeye. Mtoto hutia alama kila anapokiona. Mraba huo wa mwisho ukijazwa, utasikia shangwe hadi ploti ya pili.

Mchezo wa sauti ni wa macho kufumbwa. Kila mtoto anyooshe kidole kimoja kwa kila sauti tofauti anayoisikia katika dakika tatu. Katika ploti yetu kuna mtoto mmoja ambaye macho yake ni dhaifu sana tangu azaliwe, na ambaye huachwa nje ya michezo mingi ya mpira. Katika mchezo huu hajawahi kushindwa. Siku ya kwanza alipotaja sauti saba na wenzake wakataja tatu, walimshuku, wakarudia, naye akataja nane.

Wapo watakaosema kwamba kutazama ndege ni starehe ya Wazungu na watalii wenye kofia. Nimeambiwa hivyo na shemeji yangu, tena mezani kwangu. Jibu langu ni kwamba sisi ndio tuliosahau. Waborana wa kaskazini mwa nchi hii wamewasiliana kwa miluzi na mlembe, ndege anayewaongoza watu mpaka kwenye nyuki, tangu zamani. Mkenya Dkt Hussein Isack, akishirikiana na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, alilichunguza jambo hilo kwa miaka kadhaa. Matokeo yao ya mwaka wa 1989 yalionyesha kwamba warina asali wakiongozwa na ndege huyo waliwapata nyuki kwa wastani wa saa 3.2. Wasipoongozwa walichukua karibu saa tisa. Mtoto wa Kiborana hakufundishwa hayo darasani. Alimfuata baba yake, akatazama, akasikiliza.

Wala watu wazima hawaoni haya kufanya mchezo huu. Mwaka wa 1986 wanaume watatu, Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts, walizunguka Kenya kwa saa 24 wakishindana na saa, wakahesabu aina 342 za ndege. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia kwa miaka mingi. Na kwa miongo kadhaa sasa shirika la Nature Kenya limekuwa likiandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, kuanzia Jumba la Makumbusho la Nairobi. Saa hizo watoto huwa shuleni, lakini likizo zipo, na mzazi mwenye nafasi anaweza kwenda akajifunza ili awafaidi wake.

Kuhusu afya ya akili, nitakuwa mwangalifu. Mwaka wa 2022 wataalamu wa chuo cha King's College London waliripoti kwamba watu waliowaona au kuwasikia ndege walijisikia afadhali, na kwamba hali hiyo iliendelea kwa saa kadhaa. Lakini walioulizwa walikuwa watu wazima, na sitaki kuwavisha watoto nguo ya wakubwa. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: siku tulizotoka, mwanangu hulala bila vita.

Vilevile kutazama ndege si mazoezi kamili. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto kuanzia miaka mitano wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kutumia viungo kwa nguvu, yaani kukimbia, kuruka, kucheza mpira. Anayesimama kimya akimvizia kigogota hatoki jasho. Lakini nimegundua kwamba aliye nje ndiye hukimbia. Aliye kwenye kochi hakimbii.

Tahadhari ni chache, na sharti zifuatwe. Mtoto asimtazame ndege aliye upande wa jua, na kamwe asilielekeze jua darubini, kwa kuwa linaweza kumpofusha. Asiguse mzoga wa ndege wala kinyesi chake, na akirudi anawe mikono kwa sabuni. Viota na mayai hutazamwa kwa mbali. Safari ya kuvuka barabara ni ya mtu mzima, hata mtoto akiapa kwamba ameona tai. Na manati ibaki nyumbani, kwa usalama wa ndege na wa macho ya watoto wengine. Lakini msiwafukuze wavulana wenye manati. Katika mtaa wetu walikuwa wawili, na ndio waliojua zaidi ya wote ndege gani hulala wapi na huamka saa ngapi. Niliwapa daftari na kalamu, nikawafanya waamuzi. Mmoja aliiuza manati yake. Wa pili nasikia bado anayo, ila haileti kwenye mchezo.

Daftari hilo ndilo limenifanya niandike makala haya wiki hii. Nyuma ya ploti yetu kulikuwa na migunga miwili, yote ikiwa na viota vya minana, wale ndege wa manjano wanaosuka nyumba kwa majani. Watoto walipenda sana kuwatazama, kwa kuwa dume ndiye husuka, jike huja kukagua, na asiporidhika dume hukibomoa kiota na kuanza upya. Wasichana wa ploti walikuwa wakishangilia kila kiota kilichokataliwa. Kila Jumamosi walihesabu viota na kuandika tarehe.

Mwezi uliopita tulirudi kutoka kazini na shule tukakuta mgunga mmoja umekatwa. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulionyesha kwamba Jumamosi iliyotangulia ulikuwa na viota 23. Watoto saba, wakiongozwa na mwamuzi wao, walimwendea msimamizi wa ploti na daftari mkononi. Mimi sikuwatuma. Niliwaona kutoka roshani, nikashuka nikasimama nyuma yao.

Msimamizi aliwasikiliza kwa heshima kuliko nilivyotarajia. Aliwaeleza kwamba wapangaji wenye magari wamelalamika kuhusu kinyesi, na kwamba nafasi za kuegesha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Gari langu ni mojawapo ya yale yaliyokuwa yakiegeshwa pale, na nimewahi kulalamika mimi mwenyewe, kabla ya andazi. Mwanangu aliinua uso akaniangalia kupitia miwani yake, hakusema neno.

Nimemwandikia mwenye ploti nikimwambia kwamba nafasi yangu ya kuegesha chini ya mgunga wa pili naiacha, na nimewaomba majirani wawili wafanye vivyo hivyo. Mmoja amekubali. Jumamosi iliyopita watoto walihesabu viota kumi na vinne kwenye mgunga huo, na chini yake yalikuwa yamebaki magari matatu.